Kitenzi Chenye Wake Wengi

Chumba cha Kushonea,
Mlango wa pili baada ya duka la vioo.

Kwa Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa Lugha ya Kiingereza,
Popote ofisi yako ilipo.

Mheshimiwa,

YAH: VITENZI VYA LUGHA YAKO KUNIHARIBIA FAMILIA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Kama si mzima, natumaini daktari wako atatumia lugha nyingine kukueleza hali yako, kwa sababu nitakazozitaja katika lalamiko la nne.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, magauni ya harusi na, hali ikiwa ngumu, mapazia. Nina mume mmoja, mwana mmoja wa kiume, mkwe mmoja na mjukuu mmoja wa kike, na ni kwa ajili ya huyu wa mwisho nimeacha sketi za watu mezani nikakaa kukuandikia. Nakuandikia kwa Kiswahili. Si kwamba Kiingereza sikisomi. Nakisoma kila jioni ninayoweza, darasa la watu wazima, ghorofani juu ya duka la rangi, na ngazi zile magoti yangu yanazijua moja moja. Ila siwezi kuandika jambo zito kwa lugha ambayo, kwa maoni yangu, mafundi wake waliondoka kabla hawajaimaliza.

Nimehangaika sana kuulizia ofisi yako. Mwalimu wangu anasema Kiingereza hakina msimamizi, kinajiendea tu. Nimemkatalia. Hata choo cha stendi kina msimamizi, tena ana kiti na meza. Kwa hiyo nimeamua kwamba upo, ila hupendi kupatikana, na kwa hali niliyoiona darasani wala sikulaumu.

Kabla ya malalamiko, nikueleze tulikotoka. Mjukuu wangu amezaliwa mbali na anakua hukohuko mbali, kwa baba yake na mama yake, na lugha aliyonayo mdomoni ni ya kwako peke yake. Zamani nikipiga simu, mwanangu ndiye aliyekuwa mkalimani. Nilikuwa namwaga maneno ya kujaza kapu: kwamba gauni lake la njano limekwisha bado vifungo, kwamba babu yake amekatazwa chumvi na sasa anaiba, kwamba nimemwota hana meno ya mbele na anacheka. Mwanangu ananisikiliza mpaka mwisho, anavuta pumzi, anamwambia mtoto maneno matatu. Mtoto anajibu "okay". Mwanangu ananigeukia na kusema, "Mama, amefurahi sana."

Mimi ni fundi, Mheshimiwa. Ukinipa kitambaa cha mita nne nikakurudishia leso, utajua mkasi umepita njiani. Ndipo nikajiandikisha darasani, ili niongee na mjukuu wangu mwenyewe bila mtu wa katikati. Hilo tu. Sikuwa natafuta kazi ya ubalozi.

Mwalimu wetu ni kijana mpole, mashati yake anapiga pasi mwenyewe na mistari inaonekana. Sisi wanafunzi tunamwita Kariri. Jina hilo kalipata kihalali, kwa sababu kila ukimuuliza jambo hili limekuwaje, anatazama dirishani kidogo halafu anajibu, "Hiyo unakariri tu, mama." Simlaumu. Kariri ni mtumishi wako, na mtumishi huuza alichokabidhiwa. Sasa nashuka kwenye malalamiko yenyewe.

1. Kuhusu kitenzi "get". Siku ya kwanza tuliambiwa maana yake ni kupata. Nikaandika, nikapiga mstari chini. Siku iliyofuata akaingia na "get up", kumbe ni kuamka. Kisha "get on", kupanda basi. "Get off", kushuka. "Get along", kupatana na watu. "Get by", kubangaiza maisha. "Get over", kumaliza majonzi. "Get away", kutoroka. Nikanyoosha mkono nikauliza, sasa kule kupata kwenyewe kumekwenda wapi? Unajua alivyojibu.

Mheshimiwa, kitenzi hiki kina wake wasiohesabika, na kwa kila mke kina tabia nyingine. Kwa huyu kinaamka, kwa yule kinapatana, kwa wa tatu kinatoroka. Kwetu mwanamume wa namna hiyo anajulikana mtaa mzima na mabinti wanaonywa mapema. Naomba kiitwe ofisini kichague mke mmoja, na waliobaki wapewe talaka zao kwa heshima. Neno hili la wake likumbuke, tutalirudia, maana ndilo lililonichoma.

2. Kuhusu "up". Niliambiwa maana yake ni juu, nami nikashukuru, maana juu napajua: ndipo ninapoficha mkasi wangu mzuri ili mume wangu asiukatie waya. Sikukaa sana na furaha hiyo. "Eat up" ni kumaliza chakula. "Hurry up" ni kufanya haraka. "Shut up" ni kunyamaza, "tidy up" ni kupanga chumba, na kote huko hakuna mtu anayepanda popote. Nikamuuliza mjukuu wangu kwenye simu kama akiambiwa "eat up" huwa anapanda mezani na sahani yake.  Alicheka mpaka nikasikia kishindo, akaniambia ni yeye, ameanguka kutoka kitini. Nikamwambia pole kwa "fall from up". Akacheka upya hukohuko chini, kisha akanisahihisha: ni "fall off". Siku hiyo alinifundisha vitu vingine vingi vya kuanguka, mpaka babu yake akasinzia kochini akitusikiliza. Hayo nayaweka hapa kama ushahidi wa aibu niliyopata.

3. Hili linagusa riziki yangu. Kuna vitenzi mmeviingiza kwenye kazi ya kushona bila kutuuliza wenye kazi. Kupunguza gauni kiunoni mnaita "take in". Nikasema afadhali, hapa kuna akili, kitambaa kweli kinaingia ndani. Kumbe "take in" hiyohiyo ni kumpokea mtu alale kwako, tena ni kumlaghai, tena ni kuelewa somo. Sasa akija mteja wa lugha yako na gauni pana, sitajua kama anataka nilipunguze, nilikaribishe, nililaghai au nilielewe.

Kushusha pindo la sketi nako mmekuita "let down", na hukohuko mkaweka kumvunja mtu moyo. Mimi nimeshusha mapindo ya wasichana wanaorefuka tangu sina hata unywele mmoja mweupe. Mjukuu wangu aliponiuliza leo Bibi umefanya kazi gani, nikamjibu kwa fahari kwamba leo "I let down many girls". Akaniuliza kwa huruma wamekukosea nini. Ikabidi nimweleze pindo kwa mikono, mbele ya kamera, nimeinua sketi ya mteja kama bendera. Naye akakimbia kabatini akaleta sketi yake, tukatafuta pindo lake. Akaleta gauni, akaleta suruali, akaleta hadi koti la baba yake. Tulipekua mapindo ya nyumba nzima, na sketi ya mteja nikachelewa kuimaliza. Hasara hiyo ni yenu.

4. Darasani nakaa na muuguzi wa zahanati. Yeye ndiye aliyeligundua hili, na tangu alipoligundua hana raha. Mtu akizimia, kwenu "pass out". Mtu akifa, "pass away". Yaani kati ya mgonjwa anayetaka kupepewa na mgonjwa anayetaka kuoshwa na kuzikwa mmeweka kineno kidogo kiasi hicho, ambacho ndugu aliyechanganyikiwa nje ya wodi anaweza kukikosa kwa kupiga chafya tu. Muuguzi anasema ikifika zamu yake ya kutoa habari kwa Kiingereza, atatumia mikono.

5. Kuhusu vitenzi na majina mnavyoviozesha. Kitanda mnakitengeneza kila asubuhi, "make the bed", na seremala hana habari. Bafu mnalichukua, "take a bath", na bado mchana linakutwa palepale. Usikivu mnaulipia, "pay attention". Mafua mnayadaka, kana kwamba yalikuwa yanapita zake kwa amani nanyi mkayarukia. Nilimuuliza Kariri kwa nini mtu asiseme tu "do the bed", kama kitendo chenyewe ni kufanya. Alitazama dirishani kwa muda mrefu, nikamwonea huruma, nikajijibia mwenyewe.

Naomba hapa nikutolee mfano wa lugha ya watu waliotulia. Kwa Kiswahili kila kitenzi kina kazi yake, kinaifanya na kurudi nyumbani. Hakitembei na msafara. Nikipiga simu, nimepiga simu. Nikipiga pasi, nimepiga pasi. Hakuna wa kuniuliza nimefanya nini, kwa sababu kila kitu kiko wazi.

6. Kuhusu vielezi. Nilitaka kumwambia mjukuu wangu kwamba nina hamu naye mno. Kariri akaniandikia "I miss you badly". Nikaliangalia lile neno la mwisho. Nilikuwa nalijua. Ni vibaya. Suruali ikishonwa "badly", mwenyewe anairudisha na maneno juu. Nikamwambia Kariri mimi mjukuu wangu simkumbuki vibaya. Namkumbuka vizuri, kwa ustadi, kila siku, nikiwa na pini mdomoni. Akaniambia ninakariri tu. Sikukariri. Nilimpigia mtoto nikamwambia, "I miss you very well."

Safari hii hakucheka. Halafu akasema na yeye ananikumbuka "very well". Tangu hapo ndivyo tunavyoagana. Nimeambiwa ni kosa, na kwamba sasa analisema hata kwa rafiki zake. Nililia kidogo baada ya simu ile, kitambaa cha mteja nikakiweka mbali kisilowe. Lakini mtoto ameharibiwa Kiingereza chake, na aliyeharibu ni ofisi yako, kwa kuweka ubaya mahali pa upendo.

7. Nimefika kwenye lalamiko lililonifanya nishike kalamu. Kama umesimama, naomba ukae.

Kwetu sisi, bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa mdomo tu na kwa kicheko, na kwa hiyo ni mke mwenzangu. Bibi yangu aliniita mke mwenza, na bibi yake alimwita hivyohivyo. Ndiyo namna yetu ya kuwaambia watoto hawa kwamba tunawapenda: tunawaonea wivu wa uongo. Mume wangu akirudi na ndizi, namuuliza kwa ukali kama ni zangu au za bibi mdogo. Mjukuu aliyelelewa hapa angejua cha kunijibu kabla sijamaliza swali. Huyu wangu alikuwa hajawahi kuitwa mke mwenza hata siku moja, kwa sababu mwanangu mkalimani alikuwa akifika hapo anaruka. Nilipombana, alisema neno hilo halitafsiriki. Nikamwambia linatafsirika, kinachotakiwa ni mtu asiyekuwa na haraka.

Basi wiki moja Kariri akatufundisha "share", yaani kuwa na kitu pamoja. Akasema "share" inakubali chumba, inakubali mwavuli, inakubali siri. Nikanyoosha mkono nikauliza kama inakubali mume. Darasa zima lilipiga kelele, muuguzi akapiga meza. Kariri alitazama dirishani, akatafakari, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kukariri. Alisema, kisarufi, hakuna kizuizi. Nikaandika sentensi yangu: "You and I share one husband." Hakuwa na cha kufuta. Akaweka alama ya vema, na pembeni akaandika "Excellent". Sijawahi kuandikiwa neno hilo kabla wala baada. Karatasi nimeibandika ukutani juu ya cherehani, wateja wanaisoma.

Nikampigia mjukuu wangu. Niliisema sentensi kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukosea popote, na kumwonyesha mume mwenyewe, amekaa nyuma yangu na fulana iliyotoboka, anapunga mkono. Mtoto aliipenda mno habari hiyo. Aliuliza nani kati yetu ni mkubwa. Nikamwambia mkubwa ni mimi, ila anayependwa zaidi ni yeye. Baba yake na mama yake walikuwa jikoni. Hakukuwa na mkalimani, hakukuwa na mkasi, maneno yalifika yote.

Shuleni kwao watoto wakaambiwa wasimame mmoja mmoja waeleze kuhusu familia zao. Mjukuu wangu, ambaye kwa upande wangu amerithi tabia ya kutoficha jambo zuri, akasimama akaeleza kwamba yeye na bibi yake wana mume mmoja, mzee, na kwamba yeye ndiye anayependwa zaidi.

Mheshimiwa, shule ilipiga simu. Baada ya simu alifika nyumbani kwao mama mmoja wa ustawi wa jamii, mpole, na viatu visivyo na sauti, akaomba kuona mtoto analala wapi. Mkwe wangu ni mtu wa hukohuko, mwanamke mwema ambaye hata akikasirika anamaliza kwa asante. Siku hiyo alilia. Mwanangu alinipigia mchana, saa za kazi, sauti ya chini.

"Mama, umemwambia nini mtoto?"

Nikamwambia nimemwambia kitu kilichopewa "Excellent", kiko ukutani, aje akione.

"Mama, watu wa huku hawana utani huo."

Nikamuuliza, basi wewe uliyeko huko miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini usiwaambie. 

Matokeo yake ni kwamba mtoto haruhusiwi kuongea nami peke yake, "mpaka mambo yatulie". Simu ni Jumapili, na mwanangu amerudi kwenye kazi yake ya ukalimani. Namwaga kapu, anavuta pumzi, anatoa maneno matatu. "Okay." Amefurahi sana, Mama. Ila sasa namwona mjukuu wangu nyuma ya bega la baba yake, ameegemea mlango, ananitazama. Anangoja nikosee. Nami siwezi kukosea, kwa sababu siachiwi nafasi ya kusema.

Hapo ndipo lugha yako inaponishinda. Yule bwana "get" anaishi na wake zake wote wale mchana kweupe, kwenye vitabu vya shule, na hakuna aliyemtumia mama wa ustawi. Mimi na mtoto tukisema tuna mume mmoja, mwenye presha, aliyekatazwa chumvi, watu wanakuja kukagua vitanda. Muda wote huu nimesema sentensi zilizopinda, na kila ikipinda mtoto anazidi kunisogelea. Nimesema moja iliyonyooka, imeniondolea mtoto. Ni lugha gani hii inayomwadhibu mtu siku aliyofaulu?

8. Kwa sababu hizo zote, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo.

Maneno madogo, yaani "up", "off", "in", "out", "on" na jamaa zao, yakusanywe mahali pamoja, kila moja liozeshwe kitenzi kimoja mbele ya mashahidi. Yatakayokosa yarudi kwao.

Mpaka zoezi hilo likamilike, Kiingereza kifungwe. Wekeni kibao mlangoni, kama nilivyoweka mimi mkanda wa cherehani ulipokatika: TUMEFUNGA KWA MATENGENEZO. Wenye haraka waonyeshane kwa mikono, muuguzi yuko tayari kufundisha. Mataifa makubwa yakilalamika, yaambieni hiyo yanakariri tu.

Bwana "get" ahojiwe na mama yuleyule wa ustawi, na aonyeshe vyumba vyake vyote.

Itakapoundwa kamati ya kukata na kupunguza, nami niwe mjumbe. Nitakuja na mkasi wangu, na cheti changu cha "Excellent" nitakibandua ukutani.

La mwisho, naomba ofisi yako imwandikie mkwe wangu, kwa lugha anayoielewa na kwa muhuri, kwamba sentensi ile haina kosa, na mwenye sentensi hana nia mbaya, ni bibi tu. Kama maombi yale mengine ni mazito kwako, yaache. Hili lifanye peke yake, nami sitakusumbua tena na vitenzi.

Wasalimie wote hapo ofisini: anayetunza vitenzi, anayetunza vielezi, na yule aliyelala usingizi huku vihusishi vinazurura. Mume wangu anasalimia. Muuguzi anasalimia kwa mikono. Kariri anasalimia pia, ingawa bado anashikilia kwamba hupo.

Ni mimi niliyekariri vya kutosha,

Fundi Cherehani

Baada ya sahihi: Barua hii ilikwishafungwa, inamsubiri Kariri atafute anwani yako, simu ikalia na wala si Jumapili. Alikuwa mkwe wangu, yeye mwenyewe, bila mwanangu. Aliongea polepole ili nimfuate, nami nikamfuata. Alisema yule mama wa ustawi alirudi, akakaa chini sakafuni na mtoto, akamuuliza maana ya habari ya mume mmoja. Na mtoto akamwambia kuwa ni mchezo: "Bibi anajifanya ananionea wivu, kwa sababu ananipenda na yuko mbali." Lile ambalo baba yake alisema halitafsiriki, mtoto wa miaka saba alilitafsiri akiwa anavaa soksi. Mama wa ustawi alicheka, akafunga faili lake, akaaga. Mkwe wangu aliomba radhi, asante ikafuata. Halafu akaniuliza kwa aibu, katika mpango huo wa utani, yeye ni nani kwa mzee. Nikamwambia yeye ni mkwe, wakwe hawataniwi, wanaheshimiwa. Nilisikia kwamba amesikitika kidogo.

Kisha akampa mtoto simu na kutoka chumbani, nikausikia mlango. Kumbe mwanangu, tangu siku ile nilipomuuliza alikuwa anafanya nini huko miaka yote, amekuwa akimfundisha mtoto Kiswahili bila kuniambia. Mjukuu wangu alisafisha koo, akasema kwa lugha yangu, polepole, kila neno limesimama peke yake: "Bibi, mume wetu yuko wapi?"

Mume wangu alisikia. Aliinuka kochini, akaenda kutafuta shati.

Tukiwa tunamsubiri, mtoto akaniambia ana malalamiko. Anataka kujua kwa nini kwa Kiswahili watu wanapiga kila kitu. Simu inapigwa, pasi inapigwa, picha inapigwa, mswaki, chafya, kelele, hata magoti. Aliuliza hivi vitu vimekosa nini. Nilitaka kumjibu kwa hoja. Nikaifungua barua hii kutafuta pale nilipokueleza juu ya lugha ya watu waliotulia, nikasoma, nikapigwa na butwaa, nikaona hapo tena nimepigwa. Nikatazama dirishani kidogo. Nikamwambia, "Hiyo unakariri tu, mama."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba msiguse kitu. Kiingereza kibaki kama kilivyo, kila kitenzi na wake zake, na kibao cha matengenezo mkishushe. Mkikinyoosha, mjukuu wangu atakosa cha kunisahihisha, na mimi makosa niliyonayo yanatutosha kuongea mpaka awe na wajukuu wake. Barua hii itupeni, na kama ni "throw away" au "throw out", chagueni wenyewe.

Mume wetu amepata shati. Anasalimia.